Modemu ikae briji, rauta ndo ipige: wiki tatu chini ya kaunta ya shangazi, Moshi

Shangazi yangu ana gesti ya vyumba tisa kule Rau, hapa hapa Moshi, na wateja wake hawaji mmoja mmoja, wanakuja kwa mkupuo, kundi likishuka mlimani linafika jioni moja wote, wamechoka, wanaoga, wanakula, af kila mtu anashika simu anataka kutuma picha za Uhuru kwao. Wametoka siku sita saba hawana mtandao wa maana. Sasa kuwabeba wote hao, simu ishirini na kitu, laptopu mbili tatu, na kamera nne za ulinzi juu yake, kulikuwa na kisanduku kimoja tu cha modemu, kile walichomletea watu wa laini siku wanamvutia waya wa simu. Kikawa kinaganda. Kila jioni ikifika kama saa mbili na nusu taa zote zinawaka vizuri kabisa ila hakuna kinachofunguka, shangazi anatoka jikoni na mikono ina unga, anaenda mapokezi anachomoa pawa, anahesabu mpaka ishirini, anachomeka, anarudi kwenye sufuria yake. Miezi mingi alikuwa anafanya hivyo na hakuniambia, aliona nimebanwa na kazi.

Siku niliyopita kumsalimia nikamkuta amesimama pale na plagi mkononi. "Shikamoo shangazi." "Marahaba baba, ngoja kwanza nihesabu." Ile kitu iliniuma sana. Mi ndo fundi kompyuta wa ukoo, watu wa mjini nawafungia maofisi yao, na huyu ndo mtu aliyenilipia ada ya chuo, af anahesabu ishirini kila jioni inayokuja. Nikamwambia shangazi hii naimaliza wiki hii. Ilichukua wiki tatu, na karibu yote ninayoyajua leo kuhusu laini za DSL, yaani intaneti inayopita kwenye waya wa simu, nimeyajulia pale mapokezi, nimekaa kwenye kigoda chini ya kaunta na laptopu magotini.

Kwanza ujue kile kisanduku wanachokuletea tunakiita modemu ila ndani yake kina kazi nne. Ya kwanza ndo umodemu wenyewe, kusikiliza zile signali zinazopita kwenye waya wa shaba kwa masafa ya juu kuliko sauti ya mtu anayeongea, na kuzigeuza data. Ndo maana simu ya mezani na intaneti vinapita waya mmoja bila kugombana, ilimradi umeweka kile kifilta kidogo kwenye simu. Ya pili ni kupiga PPPoE, yaani kubisha hodi kwa mtoa huduma kwa yuzaneimu na paswedi mpaka afungue na kukupa IP, ile namba ya anwani yako mtandaoni. Ya tatu ni urauta, kugawa IP za ndani na kukumbuka nani kaomba nini ili jibu likirudi lijue linaenda simu ipi. Ya nne ni waifai. Modemu za kugawiwa hivi nyingi zina memori ndogo, ile kazi ya kwanza zinaiweza vizuri tu, shida ni ile ya tatu, ukiwa na simu ishirini na kila simu imefungua mambo thelathini kwa nyuma bila hata mwenyewe kujua, daftari lake la kukumbuka linajaa. Likijaa ndo pale taa zinawaka na hakuna kitu. Ukichomoa pawa daftari linafutwa mnaanza upya. Shangazi alikuwa anafuta daftari kila jioni.

Nikafanya wanachofanya watu wengi, nikanunua rauta nzuri yenye nguvu, nikaichomeka nyuma ya ile modemu, waya kutoka LAN ya modemu (tundu la upande wa ndani) kwenda WAN ya rauta (tundu la upande wa nje), nikajua nimemaliza. Haikufunguka hata ukurasa mmoja. Kumbe zote mbili zilikuwa zinajiita 192.168.1.1, sasa rauta inaona nje ni 192.168.1 na ndani ni 192.168.1, haijui ipeleke mzigo wapi. Nikaibadilisha rauta ikawa 192.168.10.1, net ikaja, nikaenda nyumbani nimefurahi. Kesho yake saa tatu usiku simu inaita, "baba, imeganda tena."

Na ilikuwa lazima igande. Rauta mpya ilikuwa inafanya hesabu zake zote vizuri, af inampa modemu, na modemu nayo inazifanya upya zile zile, inaandika kwenye daftari lake lile lile dogo. Ni kama hiace yenye makonda wawili, abiria analipa kwa wa kwanza, akifika mlangoni wa pili naye anadai nauli. Gari haiendi haraka kwa kuwa na makonda wawili. Na kulikuwa na shida nyingine juu ya hiyo, binamu yangu aliyeko Dar alikuwa anataka kuona kamera za gesti kutoka kule, nilikuwa nimefungua poti kwenye rauta, yaani mlango wa kuingilia kutoka nje, lakini ombi likitoka nje linaishia kwenye modemu, haifiki kwa rauta hata siku moja. Ukitaka kujua kama uko kwenye hali hiyo ingia kwenye rauta yako uangalie IP ya upande wa WAN, ukikuta inaanza na 192.168, au 10, au 172.16 mpaka 172.31, jua mbele yako kuna konda mwingine.

Hapo ndo nikaamua modemu ikae briji. Maana yake ni kwamba unamwambia yule konda wa kwanza akae tu, asidai nauli, asiulize mtu anaenda wapi, afungue mlango basi. Modemu inabaki na kazi moja, kushika laini ya shaba na kupitisha kila kinachokuja kama kilivyo mpaka kwenye waya wa rauta. Kupiga PPPoE, kugawa IP, faiawoli, waifai, vyote vinahamia kwa rauta. IP ya nje inakaa kwenye rauta yenyewe.

Kusema ni rahisi. Kabla hujagusa kitu unahitaji vitu vitatu mkononi, viandikwe kwenye karatasi, na hapa ndo watu wanaumia. Yuzaneimu ya PPPoE, paswedi yake, na zile namba mbili za VPI na VCI ambazo ndo anwani ya njia yako ndani ya ule waya wa ADSL, ndo hiyo hiyo DSL ya majumbani. Namba hizi zinatofautiana kwa nchi na kampuni, Uingereza kwa mfano laini nyingi ni 0 na 38, kwingine 8 na 35, kwa hiyo usichukue za kwenye video ya mtu wa nchi nyingine ukazijaza kwako. Ziko kwenye modemu hiyo hiyo, kwenye ukurasa wa WAN, kabla hujaifuta. Zipige picha na simu. Kila ukurasa wa ile modemu upige picha, na kama kuna sehemu ya bekapu chukua bekapu.

Paswedi ndo haikuonekana, modemu inaonesha vidoti tu. Nikapiga kwa mtoa huduma, nikazungushwa, huyu ananipa yule, mmoja akaniambia hiyo ni ya kampuni siyo ya mteja. Shangazi akanisikia akasema ngoja, akaingia stoo, akakaa kule muda, akarudi na kipande cha boksi la modemu alichokata siku ile wanamfungia, amekihifadhi ndani ya daftari la wageni la mwaka huo. Aliyemfungia alikuwa ameandika kwa kalamu juu ya boksi, yuzaneimu na paswedi. Nilitaka kumkumbatia. Ila herufi ya nne ilikuwa duara, na hakuna mtu duniani angeweza kusema kama ile ni O au ni sifuri, nimeishika juani, nimeipiga picha nikaikuza, duara tu. Tukakubaliana tutajaribu zote.

Aliyenisaidia kwa kweli ni fundi wa laini mwenyewe, yule anayepanda nguzo. Nilimkuta barabarani pale mitaa ya kwetu yuko na ngazi yake, nikamsalimia nikamweleza, akashuka. Akaniambia, "Mangi, briji ni kitu chepesi, ila sikiliza, ukishatengeneza ile ya briji ile ya zamani ya PPPoE ifute kabisa, usiiache hapo, maana modemu itaendelea kupiga kwa jina lako na rauta nayo inapiga kwa jina hilo hilo, na mfumo unakubali mmoja tu." Akanipa na namba, 0 na 35, aina ya ufungaji LLC, akaniambia na ile waifai ya modemu izime na DHCP, ile inayogawa IP za ndani, izime. Dakika tano. Alinifundisha kitu ambacho kwa simu nilizopiga wiki nzima sikukipata, na hakutaka hela, alikubali soda. Watu kama hawa mkiwapata waheshimuni.

Nilianza saa nne asubuhi siku ambayo gesti haina watu. Laptopu nikaichomeka kwa waya kwenye modemu, nikaiandikia IP kwa mkono, 192.168.1.5, maana nikishazima DHCP ya modemu hakuna wa kunigawia tena. Hiki kitu usikisahau, watu wengi wanazima DHCP wakiwa wameunganishwa kwa waifai halafu wanajikuta wamejifungia nje. Nikafuta ile koneksheni ya PPPoE, nikatengeneza mpya, aina yake briji, 0 na 35, LLC, nikasevu. Modemu ikazima ikawaka. Taa ya pawa kijani. Taa ya DSL ikapepesa, ikapepesa, ikatulia. Taa ya intaneti haikuwaka kabisa.

Nilisubiri dakika kumi. Haiwaki. Nikajua nimeharibu, nikachukua pini nikariset modemu, nikaanza upya kila kitu, na ile taa tena haikuwaka, nikariset tena. Masaa mawili yamepotea hivyo. Sasa nakuambia wewe ili usipoteze yako: kwenye modi ya briji ile taa ya intaneti ya modemu kwa kawaida haiwaki, kwa sababu modemu haina intaneti, haijapiga, haina IP ya nje, haijui hata kama mnaongea na dunia. Taa unayoitaka kwa modemu ni ya DSL, iwe imetulia. Intaneti utaiangalia kwenye rauta.

Nikahamia kwenye rauta. WAN, PPPoE, yuzaneimu, paswedi kwa O. Imekataa. Paswedi kwa sifuri. Imekataa. Nikarudi kwa O, imekataa. Mikono ilianza kutokwa jasho. Kumbe paswedi ya O ilikuwa sahihi toka mara ya kwanza, ila ile sesheni ya zamani, ya modemu, ilikuwa bado inahesabika iko hai kule kwa mtoa huduma, kwa sababu nilichomoa pawa ghafla bila kukata, na kule wanasubiri muda fulani kabla ya kukubali kwamba huyu ameondoka. Nilichofanya, bila kujua kwamba ndo dawa, ni kwenda jikoni kula mtori alionipakulia shangazi. Niliporudi baada ya kama robo saa nikakuta rauta imeshajaribu yenyewe na imeingia. WAN ina IP ya nje, siyo 192.168, siyo 10. Siku hizi natanguliza, kabla ya kubadilisha chochote naingia kwenye modemu nabonyeza kata, ndo nachomoa.

Na hapo hapo angalia kitu kimoja. IP ya WAN ikianzia 100.64 mpaka 100.127 jua mtoa huduma mwenyewe ana konda wake mkubwa kwake ndani, anawafungia wateja wengi kwenye IP moja, hilo fungu lilitengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Briji yako itafanya kazi, ule mzigo wa modemu utapungua kweli, ila poti kutoka nje hazitafunguka hata ufanye nini kwenye rauta, hilo unaongea na mtoa huduma.

Jioni ile kundi la watu kumi na moja likafika. Saa mbili na nusu ikapita, saa tatu, saa nne. Haikuganda. Shangazi alikaa mapokezi anaitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyetoka homa.

Asubuhi tukaamkia malalamiko mengine. Mgeni mmoja anasema WhatsApp iko sawa, Google iko sawa, ila ukurasa wa benki yake haufunguki, unazunguka tu mpaka unakata tamaa. Mwingine hawezi kupakia picha, inafika asilimia fulani inasimama. Mi nikajibu ni huko kwenu, kwa sababu pingi, kile kijumbe kidogo cha kupima kama sava inajibu, inaenda vizuri kila mahali. Nilimjibu vibaya yule dada na nilienda kumwomba radhi baadaye, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Siku naseti rauta niliona sehemu ya MTU, yaani ukubwa wa mwisho wa furushi moja la data, imeandikwa 1492 nikaona namba ya ajabu, nikaibadilisha kuwa 1500 nikidhani naongeza ukubwa wa bomba.

Iko hivi. Furushi la kawaida la mtandao wa waya mwisho wake ni baiti 1500. PPPoE, ambayo waliiandika mwaka 1999, inafunga kila furushi kwenye karatasi yake ya juu yenye baiti 8, kwa hiyo nafasi ya mzigo inabaki 1492. Ukisema 1500 ilhali karatasi inakula 8, furushi likijaa kabisa halipiti mlangoni. Furushi dogo linapita, ndo maana pingi ni sawa, meseji ni sawa, kurasa nyepesi ni sawa. Kubwa linakwama, na kwa kawaida inatakiwa irudi taarifa kusema punguza mzigo, lakini sava nyingi zimezibwa zisipokee hizo taarifa, basi inatuma, haijibiwi, inatuma tena ile ile, na mgeni wako anaangalia kiduara kinazunguka. Ni ugonjwa mbaya kwa sababu unajificha, kila kipimo chepesi kinakuambia uko mzima.

Kipimo chake hiki hapa, kwenye Windows fungua ile skrini nyeusi uandike ping -f -l 1464 halafu anwani ya sava yoyote inayojibu pingi. Ile 1464 ukijumlisha baiti 28 za vichwa vyake inakuwa 1492. Kwangu 1464 ilijibu, 1465 kimya. Nikapanda nikashuka mara nyingi, mpaka ni pale pale. Nikairudisha 1492, nikahakikisha na ile sehemu ya kubana MSS kwenye rauta iko on, ambayo yenyewe inaziambia sava mapema zisitume vipande vya zaidi ya 1452. Nikamwita yule dada ajaribu benki yake. Ikafunguka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Kamera sasa, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote. Kwa kuwa IP ya nje sasa iko kwenye rauta, nilifungua poti ya DVR, kile kisanduku kinachorekodi kamera, binamu akaona kamera akiwa Dar, tukapongezana kwenye simu. Usiku huo kabla ya kulala nikafungua logi za DVR. Ilikuwa haijafika hata masaa matatu. Majaribio ya kuingia, mstari juu ya mstari, admin, admin, root, admin, kutoka kwenye IP ambazo sizijui za nchi za mbali. Hakuna mtu anayeichukia gesti ya shangazi, ni mashine tu zinapita mlango kwa mlango duniani kote zinajaribu vitasa. Mwaka 2016 kile kirusi cha Mirai kilikusanya kamera na DVR za watu wa kawaida kwa njia hiyo hiyo, zile zenye paswedi ya kiwandani, zikatumika kushambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa inaelekeza majina ya tovuti nyingi, na tovuti kubwa kubwa zikaanguka kwa masaa. Nikafunga ile poti nikiwa nimesimama. Kesho yake nikaweka VPN ya WireGuard, njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ndani, kwenye rauta, binamu akaiweka kwenye simu yake, akitaka kamera anawasha VPN kwanza anakuwa kama yuko pale mapokezi. Kwa nje hakuna kilichoachwa wazi kwa DVR.

Ukishaweka briji, modemu haikukingi tena. Rauta ndo iko nje getini yenyewe. Paswedi ya admini ibadilishe siku hiyo hiyo, ile ya kuingia kwa mbali zima, apdeti weka, na kama rauta yako ni ya zamani ambayo haipati apdeti tena mi nisingeiweka pale.

Siyo kila mtu anahitaji haya. Kama mko wanne nyumbani na modemu haigandi, acha. Na kama simu yako ya mezani imechomekwa nyuma ya modemu yenyewe, siyo kwenye filta ya ukutani, uliza kabla, maana kuna modemu ukiiweka briji ile simu inakufa, inategemea ile ile koneksheni uliyoifuta.

Kitu ambacho sikukitegemea ni jinsi briji ilivyonisaidia kujua tatizo liko wapi. Kabla, net ikikata unasema net imekata. Sasa nina visanduku viwili kila kimoja na ushahidi wake. Taa ya DSL ikizima ni waya, ni nguzo, ni mtoa huduma upande wa shaba. DSL imetulia na rauta haiingii, ni paswedi au sesheni au kule kwao. Rauta imeingia na mgeni analia, ni ndani kwangu. Laptopu nikiichomeka kwenye poti ya pili ya modemu na ile 192.168.1.5 yangu naona hali ya laini, na masika yale nikaona kitu, mpunguo wa laini, yaani nguvu inayopotea njiani, ulikuwa kama desibeli 45, hiyo ni kawaida kwa mtu aliye kilomita tatu hivi kutoka kituo cha simu, ADSL2+ inaweza kufika megabiti 24 kwa aliye jirani kabisa ila sisi wa mbali tukipata nne tunashukuru, lakini ile SNR, ambayo ni nafasi kati ya signali na kelele, asubuhi inakaa 11, mvua ikinyesha inashuka 5, 4, laini inaanguka. Chini ya 6 huwa haina uhakika. Mvua ikiacha inapanda. Nikapiga picha namba hizo, asubuhi na wakati wa mvua, siku nne mfululizo, nikamtumia yule fundi wa ngazi. Hakubishana na mimi. Alikuja akafungua kile kijisanduku cha kuungia waya chini ya paa la gesti, akaniita nipande nione, shaba imeota kutu ya kijani, maji yamekuwa yanaingia kwa tundu la msumari, na sisimizi wamehamia humo na mayai yao. Akakata, akaunga upya kwa vile viungio vya mafuta, akaziba tundu. SNR ikakaa 12, mvua inyeshe isinyeshe.

Mwezi wa nne radi ikapiga. Unajua radi za huku, inapiga kama iko kwenye migomba nyuma ya nyumba. Ilipita kwenye waya wa simu ikaua modemu palepale, ikawa na harufu ya plastiki iliyoungua. Nilikuwa Same kikazi, shangazi akanipigia. Nikamuuliza rauta ikoje, akasema inawaka. Ile modemu ndo iliyokufa peke yake, kisanduku cha bei ndogo ambacho hakibebi paswedi ya PPPoE wala jina la waifai wala VPN ya binamu. Na kwenye stoo ndani ya mfuko wa rambo niliacha modemu ya pili ya mtumba, nimeshaiseti briji, 0 na 35, nimeibandika plasta nyeupe nikaandika kwa kalamu ya wino mzito "WAYA WA SIMU HAPA" na "WAYA WA BLUU HAPA".

Nikabaki kwenye simu nasikiliza. Anapumua, anachomoa, anasoma plasta kwa sauti. "Nimechomeka wa simu. Nimechomeka wa bluu. Sasa pawa." Kimya. "DSL inapepesa." Nikamwambia isubiri shangazi, usichomoe. Nikasikia jikoni kuna mtu anamwita, akamjibu ngoja. "Imetulia." Af akanyamaza kidogo, akasema, "na ile ya intaneti haijawaka, lakini ulisema haiwaki." Nikamwambia ndiyo, haiwaki. Akasema haya baba, uje na maparachichi ukirudi, akakata.